Vyombo vya Umeme Vikifa Vinakwenda Wapi? Kisa cha Ujiji na Ziwa Tanganyika

Leo si mishono wala mapishi. Leo ni historia, na msikimbie, maana historia yenyewe imo ndani ya nyumba zenu.

Biharusi akiandikiwa orodha ya vyombo, kila mtu anajua friji itanunuliwa wapi, nani ataibeba, itakaa upande gani wa jiko. Televisheni hivyo hivyo, na pasi, na blenda. Sijawahi kukaa kwenye kikao cha harusi nikasikia mtu anauliza siku friji ikifa itakwenda wapi. Huku kwetu Kigoma swali hilo ni la zamani kuliko friji, ndiyo maana nalianzia mbali.

Mwezi wa Novemba 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone pale Ujiji. Hilo wote tulilisoma shuleni. Lisilosimuliwa sana ni walichokifanya baadaye. Walipanda mtumbwi wakaenda kaskazini hadi mto Rusizi, kutafuta jambo moja tu: mto ule unaingiza maji ziwani au unayatoa? Wazungu wa wakati ule walibishana sana juu ya hilo. Wakakuta unaingiza. (Wavuvi wa kule walikuwa wanajua siku zote, ila hawakuwa na gazeti.) Basi maji yanatokea wapi? Jibu lilipatikana mwaka 1874, Verney Lovett Cameron alipofika mto Lukuga, upande wa Kongo, karibu na ulipo mji wa Kalemie leo. Lukuga ndio mlango pekee wa kutokea wa Ziwa Tanganyika, na hautoi mengi. Maji mengi ya ziwa hili huondoka kwa jua, yakiwa mvuke, na mvuke haubebi taka.

Nyinyi mlioko visiwani mna bahari inayokupwa na kujaa, inachukua na kuleta. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na ukishuka kiasi cha mita 200 hivi maji hayana oksijeni na hayachanganyiki vizuri na ya juu. Wataalamu wanakadiria kwamba maji yakiingia hukaa humo mamia ya miaka. Kinachotupwa humu kimekuja kukaa.

Zamani haikuwa taabu kubwa. Bidhaa zilizofika Ujiji kwa misafara zilikuwa merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba, na chumvi ya Uvinza. Zilizotoka zilikuwa pembe za ndovu na, tuseme kweli, watu waliofungwa minyororo, ambao wengi walifikishwa huko kwenu Unguja. Mimi ni fundi wa nguo, jicho langu liko kwenye merikani. Ilikuwa pamba tupu. Ikichakaa inakuwa tambara, tambara linaoza linakuwa udongo. Kila nyumba ilijua mwisho wa kitu chake.

Reli ya Kati ilifika mwaka 1914 na mji ukapata jina ambalo tunajiitia hadi leo, Mwisho wa Reli. Treni ikifika hapa haina pa kwenda, inageuza. Mizigo ndiyo inayoshuka, mingine inabaki, mingine inavuka kwenda Bujumbura, Uvira na Kalemie. Kurudi, treni haibebi redio mbovu.

Redio na tochi ndivyo vyombo vya kwanza vya betri kuingia kwa watu wa kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam kinachotengeneza redio na betri za National. Mwaka 1973 serikali ikaendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wakakaa vikundi vikundi vijijini wakisikiliza redio na kujadiliana kuhusu malaria, maji safi na kuchimba vyoo. Vyoo vilichimbwa vingi mno, na hiyo ni kazi ya kusifiwa. Ila redio zilikula betri, na betri zikiisha, mahali pamoja zilipotupwa ni ndani ya vyoo vile vile.

Nyingine zilipondwa. Waliosoma shule za vijijini wanakumbuka mwalimu akiagiza betri kuukuu. Unga mweusi wa ndani unachanganywa na mkaa na majani yaliyotwangwa, watoto wanaupaka ubaoni kwa mikono mitupu. Unga ule ni manganisi na kaboni, na betri za miaka hiyo zilitiwa zebaki kidogo ili zisiharibike haraka. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Hapakuwa na rangi ya ubao, na hapakuwa na mtu aliyekuja kueleza.

Sasa nije kwenye taa, maana hapa ndipo Kigoma ina kisa chake chenyewe.

Ukifika kwetu usiku wa giza, nenda Kibirizi au Katonga utazame ziwani. Utadhani kuna mji mwingine juu ya maji. Ni taa za wavuvi wa dagaa, maana dagaa hufuata mwanga, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika. Zamani sana walichoma mafungu ya nyasi na kuni mtumbwini, wakichota dagaa kwa wavu wa mpini mrefu uitwao lusenga. Miaka ya 1950 zikaja karabai za mafuta ya taa, pamoja na vipe, yaani mitumbwi miwili iliyofungwa kwa miti na wavu katikati. Karabai zimewalisha watu wa Kigoma zaidi ya nusu karne. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuzuia watu wasiyachanganye na dizeli, na bei ikawakaba wavuvi. Taa za betri na sola zilipopatikana, wakahamia huko mmoja mmoja hadi karabai ikawa kitu cha kuonyesha watoto.

Taa mpya sizikatai. Hazitoi moshi, hazimwagi mafuta juu ya maji, na mke wa mvuvi halali akiwaza mtumbwi kushika moto. Lakini karabai ilikuwa bati, shaba na kioo. Ikiharibika fundi anaifungua, anabadilisha kipande, inarudi ziwani. Taa mpya ikifa imekufa. Na mzigo mkubwa si taa, ni betri. Betri ya asidi, ya gari au ya pikipiki au ile kubwa ya sola, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Ikichajiwa mchana na kukamuliwa usiku kucha, haimalizi miaka mingi.

Ikiisha ndiyo kazi inaanza. Anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu, anaipima kwa kilo. Ili asibebe maji yenye uzito, asidi inamwagwa hapo hapo, nyuma ya kibanda au kwenye mfereji, na mfereji wa Kigoma unashuka kwenda sehemu moja tu. Nyingine haziondoki hata mjini. Risasi haihitaji tanuri la kiwandani, jiko la mkaa linaiyeyusha, na mvuvi anahitaji chubwi za kuzamishia wavu. Nimeshaona ikiyeyushwa kwenye kopo la maziwa, juu ya jiko ambalo jioni litainjikwa ugali, watoto wamezunguka wanatazama. Risasi ikiyeyuka inang'aa kama fedha, inapendeza kweli. Ndiyo hatari yake.

Majumbani nako vyombo viliongezeka. Hapa naomba mtucheke kidogo, maana kwa televisheni nyinyi mlitutangulia. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara, na sisi bara tukangoja hadi 1994 kituo cha ITV kilipoanza. Tulipopata tukazipenda, zile za chogo, nzito kama gunia la mchele. Kioo cha televisheni ya chogo kimechanganywa na risasi ili kuwakinga watazamaji na mionzi ya ndani, kwa hiyo ikiwa nzima haina tatizo, ikivunjwa tatizo linatoka. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, miji mingine ikafuata, vikaja ving'amuzi, baadaye skrini bapa. Chogo zikahamia uvunguni, kisha uani, kisha watoto wa mtaani wakazivunja kutafuta shaba iliyo nyuma yake. Kioo kikabaki pale pale.

Simu ni hivyo hivyo. Ya mkononi ya kwanza nchini ni ya mwaka 1994, lakini kwetu zilienea baada ya 2000, na nyingi zilikuwa za bei rahisi, laini mbili, spika kubwa, tochi kichwani. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizifungia simu zote bandia. Kenya walifanya hivyo mwaka 2012, wakazima zaidi ya milioni 1. Shabaha ilikuwa njema, hata mimi niliunga mkono. Lakini fikiria, asubuhi moja nchi nzima imeamka na vipande vya plastiki visivyofanya kazi, na tangazo lilieleza namna ya kuhakiki namba ya simu, halikueleza maiti ya simu ipelekwe wapi.

Na umeme wetu wenyewe umeua vyombo vingi. Mkoa huu kwa miaka mingi ulikuwa ukitegemea majenereta ya dizeli, na mwaka 2022 ndipo tulipoanza kuunganishwa na gridi ya taifa. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kompresa ya friji inaungua, mota ya cherehani inaungua. Mnaelewa, nyinyi mliokaa gizani Unguja nzima kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 waya wa chini ya bahari ulipopata hitilafu. Kila duka lilinunua jenereta dogo mwaka ule. Yako wapi leo?

Kuna jambo jingine la simu ambalo kwa mtu wa Kigoma haliwezi kupita kimya. Ndani ya simu kuna madini yatokanayo na koltani, ambayo hutoka kwa wingi mashariki ya Kongo, ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 2000 bei yake ilipanda sana duniani, na vita vya Kivu vikapata mafuta ya kuwashia. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita hivyo, na wapo waliozaliwa humo wakaolewa humo. Ardhi yao imetoa madini, yamekwenda kuwa simu nchi za mbali, simu imerudi ikiwa imetumika, na imekufa mikononi mwao kambini. Sijui kama kuna safari ya bidhaa yenye dhuluma kuzidi hiyo.

Sasa mwili. Hapa mabibi harusi nisikilizeni vizuri.

Risasi ikiingia mwilini, kwa vumbi au moshi au chakula, mwili unaifananisha na kalsiamu. Unaichukua unaihifadhi ndani ya mifupa, na humo inaweza kukaa miongo. Haiumi, haiwashi, huioni. Mwanamke akibeba mimba au akinyonyesha, mwili unachota kalsiamu kutoka mifupani kumjengea mtoto, na risasi inatoka pamoja nayo. Inapita kondo la nyuma inamfikia mtoto tumboni, na baadaye inapita kwenye maziwa. Maana yake, msichana aliyecheza nyuma ya kibanda cha betri akiwa na miaka 10 anaweza kuolewa akiwa mzima kabisa, anang'aa, kapakwa singo na hina, na mtoto wake akapokea kile mama alichokivuta utotoni.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mjamzito inaweza kuleta presha, mimba kutoka, mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Kwa mtoto inagusa ubongo: anachelewa kusema, hatulii, masomo hayaingii, na kilichoharibika hapo hakirudi.

Na nani hulaumiwa? Tunajuana. Mimba zikitoka mbili, wifi ana la kusema. Mtoto akiwa mzito wa kuelewa, watasema mama yake hamfuatilii, au kuna jicho. Sisemi kila tatizo ni risasi, la, hasha. Nasema risasi haikai hata kwenye orodha ya mambo yanayoulizwa. Kipimo chake ni cha damu tu lakini hutakikuta kliniki ya mama na mtoto, na asiyepimwa hana namna ya kujua.

Kisa kilichopimwa, kikaandikwa na kufika mahakamani kilitokea Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru wenye watu wapatao 3,000. Ukutani mwa mtaa huo palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi ya kusafirisha nje. Mwaka 2009 kiliajiri mwanamke aitwaye Phyllis Omido awe kiungo kati ya kiwanda na wakazi. Alikuwa na mtoto mchanga, ananyonya. Mtoto akaanza kuugua, homa haishuki, akatibiwa maradhi ya kawaida tunayoyajua bila nafuu. Alipopimwa risasi ndipo ukweli ukatoka. Mtoto hakuwa akikanyaga kiwandani. Aliipata kwa maziwa ya mama yake.

Mimi nikifika hapo huwa nasimama kidogo. Mama amekwenda kazini kutafuta riziki ya mtoto, na riziki ile ndiyo iliyombebea sumu kifuani.

Phyllis aliacha kazi, akazunguka nyumba kwa nyumba na kukuta watoto wengine wanaumwa na akina mama waliopoteza mimba. Aliandika barua serikalini, aliandamana, mwaka 2012 akakamatwa. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Wakazi walishitaki, na Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaufuta uamuzi huo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hesabuni miaka. Mtoto aliyekuwa ananyonya kiwanda kilipomwajiri mama yake, hukumu ya mwisho imetoka akiwa kijana mwenye ndevu zinazoota.

Duniani kwingine mambo ni yale yale kwa ukubwa zaidi. Mji wa Guiyu nchini China ulipokea kompyuta chakavu za dunia kwa miaka mingi, na utafiti uliochapishwa 2007 ulikuta watoto wake wana risasi damuni kuliko watoto wa mji jirani usiofanya kazi hiyo. Agbogbloshie, Accra, vijana walichoma nyaya kupata shaba hadi serikali ya Ghana ilipopabomoa Julai 2021. Plastiki ya waya ikiungua hutoa dioksini, sumu inayoganda kwenye mafuta ya wanyama. Yai la kuku aliyedonoa pale lilipopimwa mwaka 2019, ilionekana mtu mzima akila moja tu amevuka mara 220 kiwango cha siku kinachoruhusiwa na mamlaka ya chakula ya Ulaya. Kuku wa kienyeji tunaowasifia, kumbe inategemea amedonoa wapi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likakadiria kwamba wanawake wanaofanya kazi ya taka isiyo rasmi wanaweza kufika milioni 12.9. Na mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi, huku Afrika zikikusanywa kwa utaratibu unaoeleweka chini ya asilimia 1.

Sheria zipo, msidhani hazipo. Mwaka 1988 mapipa ya sumu kutoka Italia yaligunduliwa yamefichwa kwenye bandari ndogo ya Koko, Nigeria. Kelele ile ilichangia kuzaliwa kwa Mkataba wa Basel mwezi Machi 1989, na Afrika, kwa kuona hautoshi, ikaandika wake Bamako mwaka 1991. Tanzania imo katika yote miwili. Tatizo ni mlango wa nyuma: kitu kikiitwa kilichotumika, si taka, ni biashara. Kontena la friji za Ulaya linapita kama mali, nyingine hata haziwaki. Uganda ilitangaza mwaka 2009 kuzuia friji, kompyuta na televisheni zilizotumika, na ilikuwa vigumu kulishikilia kwa kompyuta. Tangu Januari 2025 Basel inataka taka zote za aina hii zipate ridhaa ya nchi inayopokea kabla hazijasafiri. Nchini kwetu kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mwaka 2021 zikaongezwa kanuni maalumu za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, zinazotaka mkusanyaji awe na kibali. Zanzibar ina sheria yake ya 2015. Ziwa nalo lina mkataba wa nchi nne, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, uliotiwa saini 2003, na mamlaka yake makao yake ni Bujumbura.

Karatasi ni nzuri. Lakini mtu wa Buzebazeba mwenye betri mbovu uani leo anamjua mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu huyo ana mzani na ana pesa taslimu, na anapita mlangoni. Mwenye kibali hapiti. Mpaka siku mwenye kibali atakapopita na mzani wake na kulipa zaidi, kanuni itabaki Dodoma. Huu ni mtazamo wangu wa kibiashara, na sidhani nimekosea.

Kwa sisi wa nyumbani, yapo ya kufanya bila kungoja. Ukiolewa na fundi betri, au fundi wa redio anayechoma risasi kwenye saketi siku nzima, nguo zake za kazi zisichanganywe na nguo za mtoto, zifuliwe peke yake kwenye beseni lake, na yeye aoge kabla ya kumbeba mwana. Vumbi la risasi hurudi nyumbani kwenye pindo na mifuko. Mimi mwenyewe nikiletewa suruali za gereji kurekebisha nataka zije zimefuliwa, wateja wengine wananuna. Sakafu ya nyumba iliyo jirani na kibanda cha namna hiyo ipigwe deki, isifagiliwe kavu. Kula vyakula vyenye kalsiamu na chuma, maana mwili wenye vya kutosha huipokea risasi kidogo, na hapo dagaa wetu wanaoliwa mzimamzima na mifupa yao wana kazi nzuri kuliko vidonge vingi vinavyouzwa mitandaoni. Jiko lililoyeyushiwa chubwi lisipikiwe tena, hata likisuguliwa vipi.

Sufuria nzito zinazosubiwa mitaani kwa alumini chakavu pia ziangaliwe. Sufuria za aina hiyo zilipopimwa Cameroon zilitoa risasi kwenye chakula, hasa chenye uchachu kama cha nyanya na ndimu. Humo huyeyushwa chochote kilichopatikana, vipande vya injini na vya kompyuta pamoja. Kwenye orodha ya harusi afadhali sufuria nne zinazojulikana zimetoka wapi kuliko seti ya kumi inayong'aa. Wanja wa unga nao umewahi kupimwa nchi mbalimbali na baadhi ukakutwa na risasi, ila hiyo ni mada yake peke yake, na piko pia.

Mkinunua friji iliyotumika, iwe Kigoma au Darajani, msiridhike kwamba inawaka. Tazameni kibati cha nyuma, karibu na kompresa, kimeandikwa gesi gani. Ikiwa R12 iacheni pale pale, hiyo ni ya zamani mno, gesi yake ilikwisha pigwa marufuku kwa kuharibu anga, na itakufa mikononi mwenu. R600a au R134a angalau fundi ataipata gesi yake. Mwambieni muuzaji aiache ikiwaka saa 2 mkiwa hapo hapo.

Na simu zilizokufa, betri za rimoti, chaja zilizokatika, msizitupe jaani, maana jaa huchomwa moto, na wala msimpe mtoto achezee. Tafuteni kopo lenye mfuniko, likae juu mahali pakavu, hata miaka 2, hadi apatikane mkusanyaji mwenye kibali. Kopo langu liko kabatini juu ya nyuzi, wateja wameshalizoea na wengine huja na simu zao mbovu pamoja na kitambaa cha kushona. Betri ya simu iliyovimba peke yake ndiyo isiingie humo. Hiyo iwekeni nje, kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, mbali na jiko.